Hoteli Yangu Imefungwa "Kwa Dharura" na Leseni Kusimamishwa: Nianzie Wapi?

SWALI

Wakili, habari za kazi. Nina hoteli ndogo ya chakula Majengo, Mombasa: mahamri na mbaazi asubuhi, wali na samaki mchana. Leseni ya kaunti nalipa kila mwaka. Jumatatu moja afisa wa afya alikuja kukagua, akakuta mtaro wa nyuma umeziba na vyeti vya afya vya wafanyakazi wangu wawili vimeisha muda. Akaniandikia ilani ya siku 14 nirekebishe. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, kabla ya magharibi, wakaja watu watano na askari wa kaunti. Wakawatoa wateja, wakabandika karatasi mlangoni kwamba leseni yangu imesimamishwa mara moja "kwa dharura ya afya ya umma hadi taarifa nyingine", wakatia kufuli lao. Hakuna mteja aliyeugua, wala sikuulizwa neno. Sasa ni wiki ya pili. Nikienda ofisini naambiwa mkubwa hayupo, na kijana mmoja alininong'oneza nitafute "njia nyingine ya kuzungumza". Jirani anasema nivunje kufuli, shemeji anasema niende kortini. Je, wanaweza kunifungia bila kunisikiliza? Na nianzie wapi?

JIBU

Dada yangu, kufuli usiliguse. Najua ni mlango wako na kodi unalipa wewe, lakini ukilivunja kesi inageuka: badala ya kaunti kueleza kwa nini ilikufunga, utakuwa wewe kizimbani ukieleza kwa nini ulivunja. Shemeji yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila kabla ya korti kuna mambo ya kufanya, na mengine ni ya leo, si ya kesho.

Swali lako la kwanza jibu lake halitakufurahisha sana. Ndiyo, ziko hali ambazo ofisi ya serikali inaweza kukufungia kwanza na kukusikiliza baadaye. Mwezi Julai 2017, kipindupindu kilipoingia Nairobi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, aliamuru mikahawa yenye jina kubwa ifungwe papo hapo baada ya watu waliokula huko kuugua. Hakuna jaji ambaye angemlaumu kwa kutowaita wenye mikahawa kikaoni kwanza huku watu wakiendelea kula. Moto ukiwaka, bomba la gesi likivuja, maji yakiwa na vijidudu, sheria haimlazimishi afisa kusubiri.

Lakini dharura inabadilisha mpangilio tu. Badala ya kusikilizwa kisha kufungwa, unafungwa kisha unasikilizwa. Kusikilizwa kwenyewe hakufutwi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi, kwa mujibu wa sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki. Na haki yako ikiguswa, unastahili kupewa sababu kwa maandishi. Bunge likaitungia haki hiyo sheria yake, Nambari 4 ya 2015, inayohusu haki katika hatua za kiutawala. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo ndicho cha kwako: ofisi inayotaka kuchukua hatua itakayokuumiza inapaswa kukuarifu mapema ni hatua gani na kwa nini, ikupe nafasi ya kujieleza, ikuambie kama una haki ya kukata rufaa ndani ya ofisi hiyo, ikukumbushe kwamba waweza kuja na wakili inapohusika, na ikupe nyaraka na ushahidi inaoutegemea. Dharura inaweza kueleza kwa nini hukuyapata hayo Alhamisi ile. Haiwezi kueleza kwa nini hujayapata hadi leo, wiki ya pili.

Hapo ndipo ningeuweka uzito wote wa kesi yako. Watu wengi wakifungiwa huja na hoja moja tu: "hapakuwa na dharura". Hoja hiyo ni ngumu kuishinda siku za mwanzo, kwa sababu mbele ya jaji afisa wa afya anaaminika kuliko mwenye hoteli, na hakuna jaji anayetaka jina lake litajwe watu wakiugua. Hoja ya "mmesema ni haraka, mbona nyinyi wenyewe hamna haraka?" ni nyepesi kuithibitisha na nzito kuijibu. Ofisi iliyoona hatari ya kufunga biashara kabla ya magharibi ingeonekana kesho yake ikichukua sampuli, ikiandika ripoti, ikikuita. Ikipita wiki na mkubwa "hayupo", neno dharura linapungua nguvu kila siku.

Kwako kuna jambo la pili, na ni zuri kuliko la kwanza: ile ilani ya Jumatatu. Iko wapi? Kama iko dukani nyuma ya kufuli, tafuta hata picha uliyomtumia mtu kwa simu. Karatasi hiyo inasema kwamba afisa aliyesimama jikoni kwako, akauona mtaro kwa macho yake na kuvishika vile vyeti, aliamua unaweza kuendelea kupika kwa siku 14 huku ukirekebisha. Alhamisi, siku ya tatu, hali ile ile ikawa dharura. Kilibadilika nini? Huenda kilibadilika kitu kweli: pengine mgonjwa ameripotiwa hospitalini akataja hoteli yako, au matokeo ya maabara yametoka. Ikiwa hivyo, lazima kiwe kimeandikwa mahali, nawe una haki ya kukiona. Ikiwa hakuna, basi wameivunja ilani yao wenyewe, na jaji hahitaji kujua chochote kuhusu mitaro ili aone hilo.

Tena utaratibu wa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, haukuanzia kwenye kufuli. Kwa mambo kama mtaro ulioziba, kifungu cha 119 kinamtaka afisa wa afya akuandikie ilani ya kuondoa kero ndani ya muda uliotajwa. Usipotii, kifungu cha 120 kinampeleka kwa hakimu, wewe unaitwa, na hakimu ndiye anayetoa amri. Hatua hizo zinafuatana, na wewe ulikuwa bado kwenye ya kwanza, muda haujaisha. Watakaokujibu huenda wakasema hawakutumia sheria hiyo, walitumia sheria ya leseni ya kaunti au kanuni za usafi wa chakula. Sawa, waitaje, na kifungu chake.

Kwa hiyo rudi mlangoni na simu yenye kamera, mchana, na mtu mwingine awe shahidi. Piga picha ya ile karatasi nzima, kisha kila sehemu yake karibu. Unatafuta haya: imetaja sheria gani na kifungu gani? Aliyetia sahihi ni nani, na cheo chake ni kipi? Ina muhuri na tarehe? Imesema kosa ni lipi hasa, au imeishia kwenye "afya ya umma"? Imesema utafanya nini ili ifunguliwe? Imetaja mahali pa kukata rufaa? Na yale maneno "hadi taarifa nyingine" yapige picha peke yake. Kusimamisha ni kwa muda. Kusimamisha kusiko na mwisho wala masharti ya kumaliza ni kufuta leseni kwa jina jingine, na kufuta leseni kuna utaratibu mrefu zaidi ambao hakika hawakuufuata. Usiibandue karatasi. Picha inatosha.

Halafu barua. Wafanyabiashara hawapendi barua. Wanapenda kwenda wenyewe "tukaongee". Umekwenda, umerudi, na leo huna kitu cha kuonyesha kwamba uliwahi kufika. Andika leo. Kiswahili kinafaa, ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, ingawa ofisini wamezoea Kiingereza na wakili wako atapenda hicho. Iandikie ofisi ya aliyetia sahihi, nakala kwa mkuu wa afya wa kaunti, idara ya biashara na mwanasheria wa kaunti. Iwe fupi, bila matusi na bila historia ya familia. Kitu kama hiki:

"Tarehe fulani mliisimamisha leseni nambari fulani. Siku tatu kabla, afisa wenu alinipa ilani ya siku 14, nakala naambatisha. Naomba, ndani ya siku 3, mnipe: sababu za uamuzi huu kwa maandishi; ripoti ya ukaguzi, matokeo yoyote ya maabara na malalamiko yoyote mliyoyategemea; na tarehe ya kunisikiliza. Naomba pia ukaguzi mpya kuanzia tarehe fulani, ambapo kazi zilizotajwa kwenye ilani zitakuwa zimekamilika. Mniambie pia kama kuna mahali pa kukata rufaa, na ni wapi. Barua hii si kukubali kwamba kulikuwa na sababu ya kufunga."

Ipeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Wakikataa kupokea, tuma kwa barua pepe ya ofisi na kwa huduma ya vifurushi yenye risiti. Barua yenye muhuri uliopigwa kaunta ina thamani kortini kuliko safari nyingi za mdomo. Na kwa nini kuomba sababu, na huku sheria ya 2015 inawapa hadi miezi 3 kuzitoa? Kwa sababu kifungu cha 6 cha sheria hiyo hiyo kinasema ofisi isipotoa sababu, mahakama itachukulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba hatua ilichukuliwa bila sababu ya msingi. Ombi lako ndilo linalouanzisha mtego huo. Siku zako 3 haziwafungi kisheria. Zinamwonyesha jaji nani alikuwa na haraka.

Wakati barua inatembea, rekebisha. Sitaki kusikia "nikirekebisha nitakuwa nimekubali kosa". Mtaro ulioziba ni mtaro ulioziba, dada, na vyeti vilivyoisha muda vimeisha. Kwa wanaoshika chakula, cheti kile ni cha miezi 6 na kila mwenye hoteli analijua hilo. Wapeleke wafanyakazi wote wakapimwe upya, si wale wawili tu, na uhifadhi risiti. Mtaro uko nyuma: kama unafikika kwa nje, mwite fundi, piga picha kabla na baada, akuandikie risiti yenye tarehe na kazi aliyofanya. Kama njia yake ni kupitia ndani ya hoteli, omba kwa maandishi ufunguliwe kwa ajili ya kazi hiyo tu, mbele ya afisa wao. Wakikataa, wamekuzuia kurekebisha kile wanachokulaumu nacho, na barua hiyo inaingia kwenye jalada. Maji ya kisima au tangi yapimwe na maabara iliyoidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya linalothibitisha ubora wa maabara. Gharama itauma, najua, na hakuna kinachoingia sasa. Lakini siku utakaposimama mbele ya jaji, swali lake la kwanza kimoyomoyo litakuwa "nikimfungulia, mtu ataugua?" Jibu liwe mezani kabla hajauliza.

Tusiende kortini moja kwa moja bila kuangalia mlango mmoja ambao umewaangusha wengi. Kifungu cha 9 cha sheria ya 2015 kinasema mahakama haitapitia uamuzi kabla hujamaliza njia za rufaa zilizomo ndani ya ofisi husika. Sheria za leseni za kaunti hazifanani. Nyingine zina kamati au bodi ya rufaa yenye muda mfupi wa kuwasilisha malalamiko, nyingine ziko kimya. Wakili wako aisome ya Mombasa neno kwa neno. Kama rufaa ipo, iwasilishe, hata ukiamini ni kupoteza muda. Kama kamati ipo kwenye karatasi lakini haijawahi kuteuliwa, au haina mamlaka ya kusitisha kufungwa wakati rufaa inasubiri, hapo kuna njia: mahakama inaweza kukusamehe sharti hilo katika hali ya kipekee. Ila msamaha huo unaombwa, kwa maandishi, ukiwa sehemu ya maombi yako. Watu wanafika kortini na malalamiko mazito, wanaulizwa "ombi lako la kusamehewa liko wapi?", wanatazamana. Kesi inatupwa bila mtu kugusa jambo lenyewe.

Basi barua imepita siku zake na kimya. Unaenda Mahakama Kuu. Kwa hakimu hakufai, kwani mahakama za mahakimu zimepewa sehemu ndogo sana ya kesi za haki za kikatiba, na hii haimo. Kuna njia mbili ambazo mawakili hutumia, na mara nyingi huzichanganya: maombi ya mapitio ya uamuzi wa kiutawala, au ombi la kikatiba chini ya Kifungu cha 47 na vya jirani yake. Kwa mapitio ya kuufuta uamuzi, sheria ya zamani inatoa miezi 6 tangu uamuzi, na ile ya 2015 inataka usichelewe bila sababu. Usihesabu miezi. Hoteli iliyofungwa miezi 5 haina tena wateja wa kurudi, na mtu anayedai dharura baada ya miezi 5 anachekwa.

Nyaraka zinawekwa kwenye mfumo wa mtandao wa Mahakama pamoja na cheti cha wakili kwamba jambo ni la dharura, hati yako ya kiapo na viambatisho: leseni, risiti za malipo, ilani ya Jumatatu, picha ya karatasi ya mlangoni, barua yenye muhuri, risiti za fundi na za vipimo. Jaji hulisoma jalada kwanza bila upande wa pili kuwapo. Anaweza kutoa amri ya muda hapo hapo, au akasema waitwe waje baada ya siku chache. Hilo la pili ndilo la kawaida zaidi katika mambo ya afya, usivunjike moyo.

Na hapa nikuonye kwa sauti kubwa kidogo. Kwa kuwa jaji anakusikia peke yako, una wajibu wa kumwambia yote, pamoja na yanayokuumiza. Mteja hutamani kuiacha ilani nje kwa sababu inataja mtaro. Ukiificha, kaunti itakuja nayo siku ya pili, amri yako itafutwa kwa kosa la kuficha, na jaji hatakuamini tena hata ukisema leo ni Jumanne. Kwako wewe bahati ni kwamba ilani inayokuumiza ndiyo inayokuokoa. Iweke juu kabisa.

Ili kutoa amri ya muda, jaji atapima mambo matatu ambayo Mahakama ya Juu iliyaweka wazi mwaka 2014: kama una hoja ya maana, si porojo, kama kesi itakosa maana usipolindwa sasa, na masilahi ya umma yako upande gani. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wenye hoteli, baa na maduka ya dawa. Usilikwepe. Mpe jaji njia ya kukufungulia bila kuogopa: pendekeza wewe mwenyewe afisa wa afya akague ndani ya saa 48, uendelee chini ya ukaguzi wa kila wiki, na jiko la nyuma libaki limefungwa mpaka mtaro uthibitishwe. Wenye biashara huona masharti kama kushindwa. Mimi naona ni ujanja halali. Jaji aliyepewa kitu cha katikati ana nafasi kubwa ya kukichukua kuliko aliyepewa "fungua" au "funga" tu.

Kaunti itakuja na hoja kwamba "tumeshafunga, hakuna cha kusitisha". Usiogope. Ni kweli mahakama haisitishi kitu kilichokwisha. Lakini kusimamishwa kwa leseni si tendo lililoisha Alhamisi. Linaendelea kila asubuhi unapoamka bila kuchoma mahamri. Mahakama Kuu ya hapo hapo kwenu Mombasa, mwaka 2006, kupitia Jaji David Maraga ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, ilieleza kwa upana umuhimu wa kusitisha uamuzi wa serikali katika kesi za aina hii. Wakili wako ataijua kesi hiyo. Asipoijua, muulize kwa upole amefanya mapitio mangapi.

Ukiipata amri, kazi haijaisha. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima mawimbi ya NTV, KTN na Citizen. Siku mbili baadaye Jaji Chacha Mwita aliamuru yarudishwe, na bado skrini zilibaki nyeusi kwa siku kadhaa. Kama vituo vya televisheni vyenye mawakili wakubwa vilikaa gizani na amri mkononi, hoteli ya Majengo isitegemee kwamba askari wa kaunti atakuja mbio na ufunguo. Amri ikabidhiwe kwa aliyetia sahihi, kwa jina lake na cheo chake, pamoja na onyo kwamba kuidharau ni kosa la kumpeleka mtu jela. Anayekabidhi aandike hati ya kiapo: saa ngapi, wapi, nani alipokea. Wasipofungua, rudini kortini kwa kudharau mahakama. Hapo pia, kufuli usivunje wewe. Omba amri itaje nani wa kulifungua na lini.

Nisikudanganye kuhusu mwisho wa kesi. Mahakama haitasema jiko lako ni safi. Itaangalia walivyoamua, si kama samaki wako wako sawa. Ukishinda, mara nyingi uamuzi unafutwa na jambo linarudi kwa kaunti liamuliwe upya kwa utaratibu, na wanaweza kukufunga tena wakifuata sheria. Lakini hata kama wewe una makosa, unastahili kusikilizwa: Mahakama ya Rufani ilisema miaka ya themanini, katika kesi ya mfungwa aliyenyimwa msamaha wa sehemu ya kifungo, kwamba uamuzi uliovunja haki ya kusikilizwa hauponi kwa kusema tu kuwa ungekuwa sahihi vyovyote vile. Fidia ya hasara inawezekana chini ya kifungu cha 11 cha sheria ya 2015, ila haiji kwa machozi. Toa taarifa za till yako ya M-Pesa za miezi kabla ya kufungwa na za sasa. Orodhesha chakula kilichoharibika kwenye friji, mishahara uliyolipa bila kazi, kodi ya nyumba. Kama ulichukua samaki kwa mkopo Jumatano, mwenye samaki aandike.

Yule kijana wa "njia nyingine ya kuzungumza". Usimpe kitu. Acha maadili kidogo, tuzungumze biashara: ukilipa, hutapata karatasi, bila karatasi, kufuli litarudi mwezi ujao na bei mpya, na hutaweza tena kusimama kortini ukasema ulifungwa kinyume cha sheria, maana ulifunguliwa kinyume chake pia. Andika tu siku, saa na maneno aliyosema, na uwape EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Unaweza pia kulalamika bure kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo Wakenya wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman. Ina uwezo wa kuwatikisa maafisa wavivu wajibu barua, lakini haiwezi kusitisha kufungwa, kwa hiyo isichukue nafasi ya korti.

Wasomaji wa Tanga na Dar es Salaam wasinakili barua hii kama ilivyo. Tanzania haki ya kusikilizwa na kukata rufaa iko kwenye Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na mapitio ya mahakama yanaanza kwa kuomba kibali ndani ya miezi 6. Ukitaka kufungua kesi ya kawaida dhidi ya serikali, na tangu marekebisho ya 2020 hata dhidi ya halmashauri, kuna notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Siku 90 zinaua mgahawa wowote, ndiyo maana mawakili wa huko huomba zuio la Mareva Mahakama Kuu, amri ya kushikilia hali wakati notisi inahesabika. Mtafute wakili wa huko akueleze lipi linakufaa.

Jambo la mwisho, dada, ambalo watu hulisahau mpaka wakajuta: angalia leseni yako inaisha lini. Leseni iliyosimamishwa inaendelea kuzeeka, na ikiisha muda kesi ikiwa bado kortini, kaunti itasema hakuna tena leseni ya kurudisha. Peleka maombi ya kuhuisha mapema na ulipe ada. Mfumo ukikukatalia kwa sababu umesimamishwa, piga picha ya ujumbe huo kwenye skrini, na siku hiyo hiyo andika barua nyingine ya kueleza kwamba ulitaka kulipa ukakataliwa. Nayo irudi na muhuri.